Kompyuta Nzito ya Ndabibi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, na Msimamizi wa karakana alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Karakana yetu ilikuwa Nakuru, ghorofa ya kwanza, nyuma ya soko. Tulitengeneza taipureta za maofisi na mashule, na mwanamke fundi nilikuwa mimi peke yangu. Akaniwekea mezani mashine iliyokuwa ikichapa herufi nusu nusu. Nikashika bisibisi papo hapo.

"Weka hiyo chini," akasema. "Umeuliza ilikuwa inafanya nini jana?"

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka nimpigie simu karani aliyeileta. Karani akasema taabu ilianza alipoweka utepe mpya wa wino. Nikaangalia, nikakuta utepe umekaa chini ya mahali pake. Nikauinua, herufi zikatoka nzima, na sikufungua hata skrubu moja.

"Kitu kikiharibika, tafuta kwanza kilichobadilika," Msimamizi akaniambia. "Mashine haina hasira na mtu."

Miaka ikaenda, kompyuta zikaingia, taipureta zikarundikwa stoo. Nikapelekwa kozi, kisha nikapata kazi Naivasha, kwenye shamba la maua karibu na Kamere. Hapo mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Ufundi, mtu wa mbio. Kwake dawa ya kompyuta yoyote iliyozembea ilikuwa moja. "Futa, weka upya, songa," alikuwa akisema, huku ameshafika mlangoni. Kufuta ni kusafisha diski yote, yaani kile kisahani kinachozunguka ndani ya kompyuta na kuhifadhi kila kitu ulichowahi kuandika. Hakuwa amekosea. Kazi zote za shamba zilikuwa na nakala kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya ofisi inayotunza mali ya wote. Ukifuta ya karani, hupotezi kitu. Nilifuta nyingi sana, hata mkono wangu ukazoea.

Nilipotoka pale nikawa fundi wa kujitegemea, nikienda kwa watu majumbani, kutoka Molo hadi Gilgil. Ndipo Jumatano moja nikaitwa Ndabibi, nyumbani kwa Mama Njoki.

Alikuwa mjane wa mwalimu wa shule ya msingi, mama mrefu, mwenye gambuti za zizini na sauti ya chini. Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Imekuwa nzito, mama fundi," akasema. "Naiwasha nikienda kukama. Nikirudi bado inazungusha tu hako kaduara. Na barua zimeisha zote."

"Barua gani?"

"Za Mwalimu."

Nikamuuliza kilichobadilika. Akasema fundi mmoja alikuwa amemwekea mfumo mpya, ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepitwa. Tangu siku hiyo mashine ikalemaa, na programu ya barua pepe ikawa inafunguka tupu.

Nikakaa kitini. Diski ilikuwa inakwaruza, tik, tik, kama mtu anayekuna sufuria kwa kijiko. Nikajua sauti hiyo. Diski ilikuwa inakufa, na mfumo mpya, unaosoma na kuandika kila wakati, ulikuwa unaikimbiza bila kupumzika. Mkono ukaniwasha kufanya nilivyozoea: futa, weka upya. Kabla ya saa saba ningekuwa barabarani.

"Hizo barua aliandika nani kwa nani?" nikauliza.

"Mwalimu aliniandikia mimi. Hapa hapa nyumbani."

Nadhani nilimkodolea macho, kwa sababu akavuta kiti akanieleza. Mwalimu aliugua koo. Daktari aliokoa maisha yake lakini sauti ikaenda. Mtu aliyefundisha darasa la nane miaka yote ile, akabaki bila neno. Basi akawa anakaa hapo dirishani anaandika barua pepe, na Mama Njoki anazisoma kwenye simu akiwa jikoni au zizini. Miaka saba waliongea hivyo. Baadaye ile simu ilitumbukia kwenye birika la ng'ombe, na anwani yake ya zamani akashindwa kuifungua tena. Zikabaki nakala za Mwalimu, zile alizotuma, ndani ya kompyuta hii tu. Kila asubuhi alikuwa anasoma moja kabla ya kwenda kukama.

Hazikuwa kwenye seva yoyote.

"Mfumo mpya uliwekwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Nikahesabu kwa vidole. Mfumo mpya ukiwekwa, mambo ya ule wa zamani hufungiwa kwenye folda moja pembeni. Baada ya siku kumi kompyuta huifuta hiyo folda yenyewe, bila kumuuliza mtu. Tulikuwa siku ya tisa.

Nilizima mashine kwa kuchomoa waya. Nikafungua kasha, nikatoa diski, nikaiunganisha na laptopu yangu ili isomwe tu, isiandikwe kitu juu yake. Folda ya zamani ilikuwepo. Nikaanza kunakili, na laptopu ikaniambia itachukua saa sita.

Juu ya milima ya Mau mawingu yalikuwa yameanza kujaa. Stima ya Ndabibi na mvua hazipatani, na ile diski, iliyotegemea umeme wa ukutani, ikizimika katikati, labda haingeamka tena. Mama Njoki alienda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Naweza kuomba?" akaniuliza, kana kwamba maombi yangeharibu waya.

"Omba, mama. Mimi pia naomba."

Tulikaa. Diski ikikwaruza, tunaitegea sikio. Ikitulia, anaongea. Mara mbili taa ilififia, na mara mbili ikarudi. Saa kumi kasoro kidogo nakala ikafika mwisho. Nilipoiwasha tena ile diski nijaribu, ilitoa mlio mmoja mwembamba, ikanyamaza kabisa. Haikuzunguka tena.

Nikamwekea diski mpya, ya aina isiyozunguka, na mfumo ukawaka kabla Mama Njoki hajamaliza kufuta miwani. Kisha nikarudisha barua za Mwalimu kwenye programu yake. Zikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari. Sikukusudia kusoma, lakini vichwa vyake vilikuwa wazi. Chai imechemka. Mvua inatoka Mau, anua nguo. Nani huyo mgeni? Umependeza na hicho kilemba. Njoo uone ndege huyu. Elfu na elfu, hazikomi. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimefuta diski ngapi maishani, nikidhani nafuta makaratasi?

Kwenye folda ya rasimu, pale zinapokaa barua ambazo hazijatumwa, palikuwa na moja. Tarehe yake, Mama Njoki akaniambia polepole, ilikuwa asubuhi ya siku waliyompeleka hospitali mara ya mwisho. Hakuwahi kujua ipo. Sikuifungua. Nilimwonyesha pa kubonyeza, nikatoka nje nikasimama kando ya zizi huku manyunyu yakianza.

Alikaa muda mrefu, na kutoka pale zizini nikamsikia akicheka peke yake. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umekunjuka.

"Mama fundi," akasema, "hujala kitu tangu asubuhi. Ingia."

Sasa nimestaafu. Vidole vimeanza kutetemeka, na skrubu za siku hizi ni ndogo kuliko mchele. Vijana huniuliza kompyuta gani ilinishangaza zaidi, wakitegemea nitaje ya kasi au ya bei. Nawaambia juu ya diski moja kuukuu, isiyozidi kiganja changu, iliyobeba miaka saba ya mazungumzo ya mume na mke, na ikavumilia hadi neno la mwisho liliponakiliwa. Kazi yangu yote nilijua jinsi diski inavyoandika: chembe ndogo za sumaku zikigeuka huku na kule. Ningeweza kuwachorea ubaoni. Lakini jinsi chembe hizo zinavyoweza kumfanya mjane acheke peke yake sebuleni, hilo sikuwahi kufundishwa kozini.