Kanga ya Mafundo

Mimi nikiingia chumbani kufuata kisu, natoka na ndoo. Kisu nimekisahau, ndoo sina kazi nayo, na huko jikoni vitumbua vishaungua. Ndivyo nilivyo tangu mdogo. Mama yangu alinisema mpaka akachoka, walimu wakanichapa, na mimi mwenyewe nikaja kuamini kwamba kichwa nilichopewa kina tundu.

Ukubwani yakaongezeka mengine. Mtu akiniambia tu "nina neno na wewe," moyo unanienda mbio, viganja vinatoa jasho, kumbe neno lenyewe anataka kuniazima ungo. Kisha zikaja siku za kulala nimeelekea ukutani. Si homa, si uchovu wa kazi, ni huzuni tu isiyo na sababu, naamka nayo na kulala nayo. Majirani walisema nina jini. Mume wangu akasema nimedeka.

Aliyenipeleka hospitali ni mke mwenzangu. Ndiyo, mke mwenzangu! Mimi ndiye mkubwa, yeye kaja nyuma, tunakaa uwanja mmoja hapa Kivinje, na mtaa mzima unangoja siku tutakayoshikana nywele. Kugombana tunagombana, tena sana, maana kuku wake hawana adabu. Lakini asubuhi moja alinikuta nimelala, unga wa vitumbua umeumuka mpaka umemwagika sakafuni, na mimi nautazama tu. Hakunisema. Alinivalisha baibui, akanishika mkono, tukaenda.

Nilijua nitaambiwa mimi mwendawazimu. Daktari aliniuliza habari za utotoni, za shule, za usingizi, mpaka nikaona huyu mtu labda anataka kuniposa. Siku nyingine akaniita tena, akaniuliza tena. Mwisho akanieleza taratibu. Hilo la kusahau na kutotulia nimezaliwa nalo, akili yangu inarukia kila kinachopita. Lina jina la Kizungu la herufi nne, na mbili nilikuwa nimeshazisahau kabla sijafika getini. Miaka yote hiyo ya kusahau na kusemwa ndiyo iliyonizalishia wasiwasi, na wasiwasi ukaniangusha kwenye sonona. "Huna uvivu, mama," alisema. Nililia pale pale, kwa sauti, nikamharibia na shuka la kitanda kwa kufutia machozi.

Nikapewa vidonge, nikaambiwa nisitegemee kesho kuamka mpya, vinataka wiki kadhaa, na nisiviache bila kumwambia. Nikafundishwa kufanya jambo moja mpaka liishe, na mtu akikaa karibu nami ndio vizuri zaidi. Hapo mke mwenzangu akapata kazi mpya. Sasa nikikaanga vitumbua, yeye anakaa pembeni anachambua mchele na kunisimulia umbea, na wallahi haviungui. Daktari akaniuliza natumia njia gani kukumbuka mambo. Nikaona haya kidogo, nikamwonyesha pindo la kanga yangu. Kila jambo nalifungia fundo, likishafanyika nalifungua. Alicheka, akasema wengine huweka kengele kwenye simu. Simu! Simu yenyewe sikumbuki nilipoiweka.

Haya, nikawa naendelea vizuri. Nacheka, nafoka, nauza. Ndipo mwanangu wa kike akachumbiwa.

Hapa kwetu mshenga haji na posa tu, anakuja na masikio. Ataulizia mtaani, ukoo huu una kifafa? Una wazimu? Jibu likiwa baya, posa inarudi ilikotoka, na binti anabaki na jina. Mwanangu alimpenda yule kijana mpaka akawa anaimba akiosha vyombo, yeye ambaye vyombo ni adui yake. Basi mimi, mwanangu na mke mwenzangu tukakubaliana, habari za kliniki zisitoke uani. Vidonge nikavificha kwenye kopo la iliki.

Siku ya harusi ikafika, na pindo la kanga yangu ya kushindia lilikuwa na mafundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikazunguka nayo tangu alfajiri. Karibu na adhuhuri nikaambiwa wakwe wanaingia, vaa sare. Nikakimbilia chumba cha mwanangu, nikavaa, kanga kuukuu nikaitupa kitandani. Mke mwenzangu alikuwa katandika kitanda kile kwa mikono yake. Mtu akaweka mto juu ya kanga, mimi nikarudi kwenye masufuria.

Bwana harusi amelelewa na shangazi yake, mwanamke mrefu wa Kitomanga, mwenye mikorosho na sauti ya kusikika mpaka mikorosho inapoishia. Yeye ndiye aliyeongoza wanawake kuleta begi la bibi harusi. Akaingia chumbani, akainua mto ili aweke zawadi.

"Audhubillahi! Njooni! Njooni muone!"

Nilikimbia na mwiko mkononi. Nikamkuta kajibana ukutani, ananyooshea kidole kitanda, anachanganya Kiarabu na Kimachinga kwa hofu. Na mimi nilipoiona kanga ile, nikaelewa anachokiona yeye. Aliyepita chuoni kusoma Kurani anajua tunavyoomba kukingwa na wanaopuliza mafundoni. Nguo yenye mafundo, chini ya mto wa bibi harusi, siku ya harusi! Nani angewaza chumvi ya pilau?

"Mtoto wetu kafungwa!" alisema shangazi. "Pigeni simu msikitini, wangoje. Hakuna nikahi mpaka nimjue aliyefanya haya. Kitanda hiki katandika nani?"

Macho yote yakamwendea mke mwenzangu. Mke mdogo, si mama mzazi wa binti, wakampata mchawi wao pale pale.

"Nimetandika mimi," alisema.

"Na kanga?"

Kanga anaijua. Anaiona kila siku, ananicheka kwayo. Ilitosha aninyooshee kidole tu. Lakini aliinamisha uso, akatazama mkeka, akanyamaza. Mwanamke yule alikuwa radhi aitwe mchawi mbele ya wakwe, kuliko kuitoa siri yangu mwanangu akaachwa. Mwanangu naye, aliyekaa mkekani chini ya ushungi wake, alinitikisia kichwa, machozi yakimlenga. Sikujua ananiambia niseme au nisiseme.

Moyo ulikuwa unanipiga mpaka masikioni. Nikatoa pumzi polepole kama nilivyofundishwa hospitali. Haikusaidia hata kidogo. Nikasema hivyo hivyo.

"Kanga ni yangu. Na mafundo nimefunga mimi."

Shangazi akafungua mdomo, nikamwahi. Nikaichukua ile kanga, nikaanza pembeni. "Hili, chumvi ya pilau. Hili, barafu. Hili, viti vya kukodi. Hili, sahani ya jirani yetu asiyeweza kutoka kitandani. Hili, vidonge vyangu."

"Vidonge vya nini?"

"Vya wasiwasi na sonona. Natibiwa kitengo cha afya ya akili. Na kichwa changu kinasahau, hakitulii, nimezaliwa hivyo, bila mafundo sifiki popote. Si uchawi. Mkitaka kumwacha mwanangu kwa hilo, mwacheni, Mungu atampa mwingine. Lakini huyu mwenzangu haitwi mchawi kwenye uwanja wangu!"

Mwiko ulikuwa unadondosha mafuta kwenye sare mpya. Kisha sauti kutoka mlangoni ikauliza, "Na chumvi umetia?"

Nikatazama fundo. Lilikuwa bado limefungwa.

"Yarabi! Sijatia!"

"Nimetia mimi," alisema mke mwenzangu, akinyanyua uso sasa. "Na ungetia na wewe, leo tungekula bahari."

Chumba kikaangua kicheko, mpaka mwanangu na wanja wake. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika pembe ya kanga, analigeuza fundo moja lililokazwa kuliko yote.

"Na hili, mkwe?"

"Hilo ni la kukaa na mwanangu kabla hamjamchukua," nikamwambia. "Najijua mimi. Nitakimbia kutwa nzima na masufuria, nikigeuka gari limeondoka."

Alinitazama sana. Kisha akachukua simu, akapiga msikitini, akasema neno moja, "Fungisheni." Akawatoa watu wote chumbani kama anavyofukuza ngedere mikoroshoni, akavuta mlango, akakaa nje kwenye kigoda. Tukamsikia, "Hapiti mtu! Hata wewe, hupiti!"

Mimi na mwanangu tukakaa kitandani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, sikukumbuka hata moja. Tukashikana mikono tu, tukacheka, tukalia, nikamfuta wanja kwa ile kanga kuukuu, na fundo nikalifungua yeye anaona. Nilifurahi, nasema kweli. Sijapata kufurahi vile.

Jioni, kabla hawajaondoka, shangazi alinivutia nyuma ya jiko. Alianza kwa kunitaka radhi, na mke mwenzangu alishaombwa radhi tayari, nikaona lipo jingine.

"Mkwe," alisema kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo. "Mtu ambaye halali, moyo unamshtuka kwa kila kitu, akiona watu wawili wananong'ona anajua wanamroga, kazunguka kwa waganga mpaka basi. Huko hospitali kwenu wana dawa yake?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Nilitaka kumtania, ulimi ulishafika menoni. Nikaurudisha, jambo ambalo si desturi yangu. "Sijui dawa," nikasema, "lakini wanamsikiliza mtu. Mimi kliniki yangu ni Jumatatu. Njoo twende wote, hutaingia peke yako." Akashika pindo la kanga yake mpya ya sare, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

Jumatatu hiyo nilikuwa nakaanga vitumbua, mke mwenzangu pembeni na mchele wake. Tukasikia hodi. Alikuwa yeye, na baibui lake la kutokea, kashuka basi la kwanza kutoka Kitomanga.

"Mkwe! Bado hujavaa?"

"Nivae?" nikamuuliza, kitumbua kinaning'inia kwenye kijiti. "Kwani tunakwenda wapi?"

Alifunua baibui kidogo, akatoa pindo la kanga ile ya sare, akaniwekea lile fundo kiganjani.