Neno "mwenyewe" kwenye fomu ya baba

Kosa langu la kwanza katika kuwaandikia watu fomu lilikuwa neno moja, na nililichagua kwa sababu niliona ni zuri.

Baba aliugua mapafu kwa vumbi la kiwanda, pale Panda. Daktari alimwamuru aihame nyumba ya kambi ya wafanyakazi, akaishi penye hewa safi. Tulipata kiwanja kando ya ziwa Tshangalele, na posho ya kuhama kutoka kiwandani ndiyo ingenunua mabati. Kifaransa nilijifunza peke yangu kwa kamusi isiyo na jalada, kwa hiyo fomu ya kuomba posho niliijaza mimi. Nilimwuliza baba, kama fomu ilivyouliza, anatokaje katika nyumba.

"Minye nitatoka mwenyewe," alisema. "Habatanibeba."

Nikaandika *volontairement*. Niliinakili fomu upya mara nne, hadi herufi zikakaa sawa.

Posho ilikuja imekatwa kodi, na mabati hayakutosha hata chumba kimoja. Kwanza nilimshuku jirani yetu, msimamizi wa zamu, aliyeitamani nyumba yetu na alikuwa akipima madirisha yake kwa shubiri kabla hatujafunga mizigo. Kisha nikamshuku karani wa kodi. Nilikuwa na hakika amebadilisha fomu yetu, nikaenda kumnasa. Alinisikiliza, akaitafuta, akaisoma polepole.

"Citoyen, mwenye kufukuzwa na ugonjwa halipi hii kodi. Mwenye kupenda kutoka, analipa. Papa yako anasema hapa *volontairement*: alipenda."

Akanigeuzia karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Nyumbani nilikiri. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amesema habari ya miguu yake tu, kwamba asitolewe kwa machela mbele ya kambi nzima. Kesho yake tulirudi na cheti cha daktari. Karani aliipokea fomu mpya, nami sikuondoka dirishani pake mpaka nilipouona mhuri ukigongwa. Kodi ilirudishwa mvua zimeshaanza. Baba alikuwa amekwisha kulala majuma mazima chini ya turubai, na kikohozi kilikuwa kimezidi.

Siku hizi, kabla sijatia neno la Kifaransa kwenye fomu ya mtu, namweleza maana yake kwa Kiswahili na kumwuliza kama ndivyo alivyotaka kusema. Mara nyingi sivyo, nami nafuta. Fomu zangu sasa zina madoa ya kufutafuta, na sizinakili tena upya.