Sura ya Baba Ndani ya Gemu

Kikohozi cha baba nakisikia mpaka leo: kh-hm, kh-hm. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akitokea kwenye migomba nyuma ya nyumba, anakohoa kabla hajakunja kona ili wifi yangu, mke wa kaka, apate nafasi ya kumpisha. Kwetu Tukuyu wazee wengine bado wanaishika mila hiyo: mke wa mwana hatazamani uso kwa uso na baba mkwe.

Kaka alikuwa kazini Mbeya. Alituachia vitu viwili, gemu yake na bibi harusi. Wifi alikuwa mpole mno, anakula kidogo, anajibu "ee" basi. Mimi nilitaka acheke. Mvua ikianza tu, namvuta sebuleni, nampa pedi ya kuchezea gemu.

Gemu ile ukianza unachagua: umchukue shujaa aliyekwishatengenezwa, mwenye jina na ukoo wake, au uunde wako, pua, macho, mpaka makovu. Wifi kila siku alimchukua yule wa tayari.

"Unda wako basi!"

"Aa, wifi. Mimi mgeni hapa, naanzaje kuumba mtu?"

Siku moja nikaunda wangu kimyakimya, nimfurahishe. Kwangu shujaa ni mmoja tu. Nikamwekea kipara, masharubu ya mvi, na lile jicho la kushoto linalosinzia. Nikamwita wifi. Akaingia na bakuli la mahindi ya kuchemsha, akatupa jicho kwenye TV. Bakuli puu! Kanga kichwani, huyoo jikoni.

"Wifi, ni katuni tu!"

"Katuni gani ana masharubu ya baba?" sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Mtoe! Mimi sirudi humo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilibaki naokota mahindi, roho imeninywea. Urafiki wenyewe ulikuwa bado mchanga, nami nimeshauangusha.

Kesho yake wifi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikaingia sebuleni peke yangu. Nilijua nikiwasha tu, uso ule utatokea. Basi nikakohoa kwanza: kh-hm, kh-hm.

Kule jikoni kisu kikanyamaza. Halafu nikasikia kicheko, kidogo, cha kubanwa na kiganja.

Nikawasha. Nikamwondoa baba taratibu, masharubu, jicho, kipara. Nikafungua mtu mpya, sura tupu, hata pua hana, nikaiweka pedi juu ya kigoda anachokaliaga wifi tukicheza.