Vyumba Saba vya Mama Hadidja

Wananchi wa kike na wa kiume! Kwa jina la Chama, ambacho kila mmoja wetu ni mwanachama tangu tumboni mwa mama yake, hata kama mama hakuulizwa: inatangazwa kwa heshima kubwa kwamba mji wa Kindu, wenye bandari ambako meli hufika zikipata mafuta na stesheni ambako treni hufika ikijisikia, sasa una hoteli katika nyumba ya kale. Ina vyumba saba, mlango wa nakshi, na picha ya Kiongozi ukumbini. Pigeni makofi. Asante. Inatosha.

Mwenye hoteli ni Mama Hadidja, mjane wa Masudi aliyekuwa fundi cherehani. Nyumba ilijengwa na babu wa Mama Hadidja, mmoja wa waungwana waliofika hapa na misafara ya watu wa pwani, wakaupenda mchele wa Maniema, wakasahau kurudi. Kuta zake ni za udongo uliopondwa, nene kiasi kwamba mume na mke wanaweza kugombana chumba hiki na jirani wa ukuta akamaliza usingizi wake. Mbele kuna barza ndefu ya kupumzikia, katikati ukumbi, na vyumba vimejipanga pande mbili.

Mwaka wa sabini na nne, sita kati ya vyumba hivyo vilikuwa vinavuja. Katika cha saba alilala Mama Hadidja. Mwanawe Assani alikuwa Kisangani, akiandika barua za mistari minne, miwili ikiwa salamu. Binti yake Riziki aliolewa Bukavu, na Bukavu ni mbali hata kwa salamu.

Kilichomwokoa ni jamaa. Hawakuja kwa ajili yake, tusidanganyane. Walikuja kwa ajili ya hospitali, kesi, treni, au kuuza kitu ambacho hakikupaswa kuonekana. Walifika bila taarifa, wapwa wachimbaji wa dhahabu kutoka Kampene, binamu wa Kasongo, shemeji wa shemeji wa mtu fulani. Walitandika mikeka ukumbini pale pasipovuja, wakakohoa, wakabishana, wakamaliza sabuni, na baada ya siku tatu wakaondoka kabla ya chai. Halafu nyumba ilinyamaza wiki mbili, na Mama Hadidja alianza kusikiliza mchwa. Hayo si maneno ya kupamba. Ukikaa peke yako vya kutosha katika nyumba ya udongo, unawasikia kabisa wakila boriti.

Ndipo akapita Godefroid wa biro ya zone, yaani ofisi ya wilaya. Jina hilo la Kizungu lilikuwa limepigwa marufuku na Chama, kwa siasa ya kurudia uasili, pamoja na tai ya shingoni na neno madame, ambalo sasa lilikuwa citoyenne, naye alijipa jina jipya la mababu, refu sana, ambalo hakuna aliyelishika, pengine hata yeye. Akaugonga mlango wa nakshi kwa kidole kama daktari anayepima kifua.

"Citoyenne, hii njo authenticité yenyewe! Mulango ya mababu!"

"Aliuchonga muntu ya pwani," akasema Mama Hadidja.

"Basi, pwani ya mababu. Sikiliza: tengeneza hii nyumba, ufungue hoteli. Vyumba vitajaa mwaka muzima, si kungojea muntu augue."

Vyumba vitajaa. Hayo tu ndiyo Mama Hadidja aliyasikia. Aliona jozi saba za viatu nje ya milango saba, na watu wakigombania ndoo ya kuogea.

Akauza cherehani ya marehemu, akanunua mabati. Fundi Bulaimu, aliyeahidi kumaliza kwa miezi miwili, alimaliza kwa viangazi viwili. Alitoa boriti zilizoliwa, akaweka za mti mgumu kutoka misitu ya Obokote. Aliukwangua mlango: chini ya rangi ya kijani ya Chama akakuta ya buluu ya wakati wa Wabelgiji, chini ya buluu akakuta maua na minyororo iliyochongwa, na ndani ya maua akakuta kombamwiko. Kuta zilipasuka, zikahitaji udongo uliochanganywa na majani makavu na kukanyagwa kwa miguu, na huo ulikanyagwa na jamaa. Kila aliyepita kungojea treni alikunja suruali akaingia shimoni. Binamu mmoja wa Kasongo aliachwa na treni mbili kwa sababu ya kukanyaga tope na kusimulia uongo. Mama Hadidja alipika, akatukana, akacheka mpaka akakaa chini. Hakujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hoteli. Alidhani bado inajengwa.

Kazi ikaisha. Kuta zikapakwa chokaa, vitanda vikatandikwa, Godefroid akaleta cheti, picha ya Kiongozi, na bunda la fishi. Fishi ni karatasi ambayo kila anayelala hotelini lazima aijaze, na Godefroid angezipitia kila asubuhi kuzipeleka biro.

Wa kwanza kufika alikuwa mpwa wake Sumaili, mchimbaji wa Kampene, na mwenzake mmoja. Mama Hadidja akawaonyesha chumba, shuka nyeupe, taa mpya. Kisha akatoa karatasi.

"Shangazi, hii inaenda wapi?"

"Biro. Ni kidogo tu, baba. Unatoka wapi, unaenda wapi, sababu ya safari, na mizigo iko na nini ndani."

Sumaili akautazama mfuko wake. Ulikuwa mdogo kama kofia, lakini alikuwa ameubeba kwa mikono miwili.

"Andika mihogo," akasema Mama Hadidja haraka.

"Mihogo gani inapasua mufuko, shangazi?"

"Andika ni mafiga!" akadakia mwenzake. "Andika tunatembea na jiko!"

Wakacheka wote watatu, wakapangusa machozi. Kisha Sumaili akauinua mfuko.

"Nimekumbuka, iko rafiki yetu ngambo ya muto, kule Alunguli. Tutavuka."

"Shuka nimefua leo."

"Njo vile, shangazi. Tutarudi."

Hawakurudi. Habari zikafika Kampene na Kasongo kabla yao: kwa Hadidja siku hizi wanakuandika. Hata mgonjwa wa hospitali, asiye na chochote ila homa, hakutaka homa yake isomwe na serikali. Akawatumia ujumbe kwamba waje tu, walale ukumbini kama zamani, bila karatasi. Lakini Godefroid alikuwa akihesabu mikeka, na asiyeandikwa akikutwa, mwenye nyumba ndiye angelala mahabusu. Wageni wa kigeni nao hawakuonekana. Wachache waliofika Kindu walilala misheni. Milango saba, jozi moja ya viatu.

Akaenda biro.

"Godefroid, nataka kufunga hoteli. Iwe nyumba tu."

Godefroid akatazama dirishani kama kuna aliyelisikia jina.

"Haiwezekani, citoyenne. Hoteli iko ndani ya ripoti, na ripoti iko Bukavu, kwa wakubwa wa mukoa. Tena siku ishirini sijaona fishi hata moja! Wakubwa watasema ni hujuma. Niletee fishi."

"Ya nani? Hakuna muntu."

"Na weye, unalalaka wapi?"

Basi kila asubuhi Mama Hadidja akajaza fishi yake mwenyewe. Anatoka: Kindu. Anaenda: Kindu. Mizigo: hakuna. Kwenye sababu ya safari aliwaza sana siku ya kwanza, kisha akaandika: kungojea. Godefroid alisoma, akapiga muhuri.

Mwaka ukapita namna hiyo, na huko Bukavu mtu mmoja akajumlisha fishi: mgeni mmoja kila siku, bila kulisoma jina. Mkubwa akashuka kwa ndege, na abakosi yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, na msafara wake, kuja kuipongeza hoteli isiyokosa mgeni hata siku moja. Wanawake wa Chama walicheza mpaka vumbi likaichafua chokaa ya kuta. Mkubwa alihutubia saa nzima, akala wali na kuku, akausifu mlango. Mama Hadidja akasimama mbele yake na bunda la karatasi.

"Mulale hapa leo, wakubwa. Vitanda viko tayari."

Mkubwa akachukua kalamu. Akaandika jina lake kwa mbwembwe. Akafika kwenye unatoka wapi, unaenda wapi, sababu ya safari. Akaiweka kalamu chini taratibu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akakumbuka mkutano. Wasaidizi wake nao wakakumbuka mikutano yao, kila mtu wa kwake. Godefroid, ambaye nyumba yake iko mitaa mitatu kutoka hapo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Gari likawashwa. Mkubwa akatoa kichwa dirishani, amejaa furaha na kuku.

"Citoyenne, tumesikitika kutomuona huyu mugeni wako mwaminifu. Mwaka muzima bila kuchoka! Anasemaka nini juu ya hoteli yetu?"

"Anasema hakuna muntu wa kuongea naye."