Mwaka Mama Alipokataa Wembe

Nilipokuwa mtoto, mamba wa Mto Kilombero walikuwa wa aina mbili: mamba wa Mungu na mamba wa mtu. Mamba wa Mungu alikula samaki, akaota jua mchangani, na ukimpigia kelele alijitosa majini akaenda zake. Mamba wa mtu alifugwa na mchawi. Huyo alitumwa kwa jina, na akishakuchagua, hata ukijifungia nyumbani mwezi mzima, siku moja miguu yako mwenyewe itakupeleka mtoni. Ndivyo tulivyofundishwa watoto wote wa kijiji chetu, kule kando ya mto ukishaipita Mofu, na mimi niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba kesho kutakucha. Simcheki anayeyaamini hata leo. Aliyezaliwa mbali na mamba ni rahisi kuwa na akili nyingi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa bado darasa la tatu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alibaki na mimi, nyumba ya nyasi, na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, shamba la ukoo wa Baba. Karibu kila mtu alilima ng'ambo, kwa sababu udongo mweusi uko huko, na wote tulivushwa na mtumbwi wa Mzee Teofili.

Pale tulipochotea maji palikuwa na uzio wa miti iliyochomekwa majini. Unaingia ndani yake, unachota, mamba anabaki nje. Mafuriko ya masika yale yaling'oa upande mmoja. Kila mtu alisema uzio utatengenezwa, na kila mtu akamngoja mwenzake. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, mamba akapita palepale kwenye pengo akamchukua Amosi, kijana wa dada yake Mzee Teofili, aliyekuwa anasafisha nyavu. Tulichozika kilikuwa kidogo. Sitaki kukieleza.

Baada ya matanga, Baba Mkubwa Kasiani, kaka yake Baba na mkuu wa ukoo, akaita watu uwanjani kwake. Alisema mamba yule si wa Mungu. Alisema limepatikana lori, na watu wazima wote watapanda kwenda kwa mganga kunyolewa. Asiyetoka bonde letu huenda hajui maana yake. Mganga anakunyoa nywele, anakunywesha dawa, na kama ulikuwa na uchawi umekwisha. Mamba anabaki bila mwenyewe, amefungwa kinywa. Haulizwi mtu kama ana hatia. Wote wananyolewa, wote wanarudi sawa, wanasalimiana. Na niseme ukweli hata kwa jambo nisilolipenda: nimeona ugomvi ambao ungechoma nyumba za watu ukaishia kwenye wembe ule.

Mama alinyoosha mkono. Akasema uzio umekatika tangu masika, nani hajui? Watu wakamtazama kama mtu aliyetaja chakula kwenye msiba. Kisha akasema lori liende salama, yeye hapandi.

"Hakuna aliyekuita mchawi, Mama Vero," Baba Mkubwa alimwambia kwa upole. "Tunanyolewa wote. Hata mimi."

"Nimesikia, shemeji."

"Basi nywele zina nini? Alipokufa mdogo wangu si ulinyoa?"

"Nilinyoa kwa sababu nilikuwa na msiba. Ule ulikuwa ukweli. Wembe huu unasema nina kitu cha kutolewa, nami sina. Kichwa hiki kilimwagiwa maji ya ubatizo, nikamkataa shetani na mambo yake yote. Nikienda kutakaswa tena kwa mganga, nitakuwa nimesema yale maji hayakutosha."

Nyuma ya watu mtu mmoja akasema, "Hayo ya ubatizo kamwambie mamba," na uwanja mzima ukacheka. Hata Katekista Anselmi alicheka, yeye aliyenifundisha mimi Baba Yetu. Alipomaliza kucheka alimwambia Mama kwamba Mungu hutazama moyo, hatazami nywele, kwa hiyo dhambi haipo.

"Ndiyo, mwalimu," Mama akajibu. "Na moyo wangu haupandi lori."

Lori liliondoka na watu wakiimba. Walirudi vichwa vikimeremeta kama mabuyu, wamefurahi, wanagusana vichwa na kutaniana, na Katekista Anselmi alikuwa miongoni mwao. Kijiji kizima kikawa na kichwa kimoja. Mama alipita katikati yao na nywele zake amezisuka mistari mitatu kama matuta ya shamba, hakujifunga hata kitambaa. Wakati ule nilitamani ajifunge. Leo nikikumbuka ile mistari mitatu, shingo yangu inanyooka yenyewe.

Ndipo dunia ilipotubana. Mzee Teofili alimwambia Mama kwamba abiria wake hawataki kupanda na mtu mwenye nywele, na yeye mwenyewe amefiwa, asimlaumu. Ng'ambo mpunga ulikuwa unaiva na ndege wamekwisha kuuona. Baba Mkubwa akaja hadi mlangoni kwetu, akakaa kwenye kigoda, akala wali wetu vizuri tu, akanawa, halafu akatoa neno lake: shamba la ukoo hulimwa na watu wa ukoo. Mama akinyolewa, hata kesho, shamba ni lake na Mzee Teofili atamvusha. Asiponyolewa, avune akiweza, na baada ya hapo arudi kwao na mtoto wake.

Mtu akikupiga unajua pa kushika. Lakini mtu anayekula wali wako huku anakunyang'anya shamba? Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu, nadhani, ilizaliwa pale kwenye kile kigoda.

Jioni ile, Mama akiwa anakoroga mboga, nilimuuliza kile ambacho wenzangu shuleni walikuwa wananiuliza.

"Mama, kwani yule mamba ni wako?"

Alisimamisha mwiko, akaniangalia. "Vero, mimi ningekuwa na mamba, baba yako mkubwa angekuwa bado anaitisha mikutano?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaacha kucheka. "Naogopa kama wao wanavyoogopa. Tofauti ni kwamba neno langu nilishampa Mungu, na sina neno la pili la kumpa mganga."

Baba alikuwa ameacha mtumbwi wake mdogo, umefunikwa kifudifudi nyuma ya migomba. Mama aliziba nyufa zake kwa matambara na lami. Kusukuma mtumbwi kwa upondo ilikuwa kazi ya wanaume. Nilikuwa sijaona mwanamke akisimama nyuma ya mtumbwi na mti mrefu mkononi. Asubuhi tulipoushusha majini, watu walikuwa wamejaa ukingoni, na Baba Mkubwa yuko mbele.

"Utampeleka mtoto wa marehemu kwa mamba?" alisema.

"Nampeleka shambani kwa baba yake," Mama akajibu. "Na sikia, shemeji. Mamba akinila, mtasema Mungu amenihukumu. Asiponila, mtasema ni wangu. Mmekwisha kunifunga pande zote mbili, basi sivuki ili niwaridhishe. Navuka kwa ajili ya mpunga."

Katikati ya mto maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kisiwa cha mchanga alilala mamba, mkubwa, kinywa wazi. Alipotusikia alikifunga, akateleza majini bila hata sauti, na tukabaki tunautazama mto usio na kitu. Nikashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Mama hakuacha kusukuma.

"Vero," akasema polepole, "mikono yangu imeshika upondo. Nifanyie ishara ya msalaba."

Akainamisha kichwa. Nilipiga magoti, nikamgusa kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega lile. Alikuwa anatetemeka. Hilo nalisema kwa fahari, kwa sababu nimekutana na watu wanaodhani kwamba mwenye imani hatetemeki. Mama yangu alitetemeka na upondo ukaendelea kushuka na kupanda hadi mtumbwi ukagusa matete ya ng'ambo.

Tulikaa huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Mchana nilifukuza ndege kwa debe na kelele hadi sauti ikanikauka. Miaka mingine majirani walikuja kuvuna pamoja nasi, leo kwetu, kesho kwao. Mwaka ule hakuja mtu. Ndege walikula sehemu yao, na Mama akavuna sehemu yetu, kidogo kidogo, akivuka na gunia moja moja. Ukingoni waliokuwa wanatutazama walisema kama alivyowaambia kwamba watasema: si mnaona, mamba amemjua mwenyewe.

Kisha akafanya jambo lililowachekesha kuliko yote. Alikata miti, akaingia majini na nyundo ya mti, akaanza kuurudisha uzio. Wenye vichwa vilivyonyolewa walikuwa wameuacha ulivyo, kwa sababu mamba amefungwa, wa nini tena? Walichota nje yake, mahali penye kina, wakijimwagia maji na kucheka. Walisema Mama Vero anamjengea mamba wake zizi. Mmoja alimwuliza kwa nini asimtegemee huyo Mungu wake badala ya miti.

"Mungu ndiye aliyeiotesha hiyo miti," Mama akasema, akaendelea kugonga.

Siku moja nilikuwa ndani ya uzio ninasugua sufuria kwa mchanga, jua bado liko juu. Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa Kasiani, alikuwa nje yake, maji yakimfika mapajani, ndoo mkononi. Sikuona mamba akija. Niliona tu maji yakinyanyuka kama mkeka unaovutwa kutoka chini. Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mnene, mzito wa hatua, lakini alijitupa juu ya ile miti akaniangukia mimi na sufuria zangu. Mamba akaupiga uzio. Mti mmoja ulikatika mbele ya macho yangu. Mingine ikashika. Ndoo yake ilielea ikazunguka, ikachukuliwa na mto, na hakuna aliyeifuata.

Jioni maneno yalikuwa tayari: mwenye mamba ndiye aliyemzuia. Mama alipoyasikia alisema tu, "Si niliwaambia?" akaenda kuchomeka mti mwingine mahali pa ule uliokatika.

Kesho yake asubuhi tulipokuwa tunarudi ng'ambo kuvuna, Mama Mkubwa alikuwa amesimama kando ya mtumbwi wetu, kisu cha kuvunia kiunoni, kichwani nywele zimeanza kuchipua. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Nivushe, mdogo wangu," akamwambia Mama.

"Mimi nina nywele, dada."

"Nimeziona."

Akakaa. Mtumbwi ulididimia hadi maji yakakaribia kuingia, na Mama akatucheka sote wawili. Ng'ambo, Mama Mkubwa hakwenda shambani kwake. Alivuna pamoja nasi hadi jua likashuka, na hatukuzungumza lolote la wembe. Siku zilizofuata walikuja wawili, kisha wengine. Katekista Anselmi alikuja siku moja, akapanda, akatazama maji njia nzima. Mama alimvusha kama alivyowavusha wote.

Baba Mkubwa hakulitaja tena shamba. Hakuomba radhi pia. Lakini masika yaliyofuata, mto ulipokula tena uzio, tulimkuta asubuhi amesimama majini peke yake na mzigo wa miti, anachomeka. Mama alimwamkia, akashika nyundo upande wa pili. Nililelewa kwenye shamba lile. Mpunga wake ndio ulioninunulia madaftari, na baada ya darasa la saba, nilipokosa nafasi ya sekondari, ndio ulioninunulia vitabu nilivyojisomea mwenyewe.

Wapo waliomwita mchawi hadi anazeeka. Nilitaka kupigana na kila mmoja wao, na wengine nilipigana nao kweli. Yeye aliniambia niwaache, kwamba Mungu anamjua na hiyo inatosha. Kwangu haikutosha, lakini kwake niliona kwa macho yangu kwamba ilitosha. Sasa nauza mpunga Ifakara, debe langu la kupimia halijabonyezwa chini ili kupunja, na anayetaka ushindani aje nalo lake tulinganishe. Hilo sikulipata kwenye kitabu.

Mama alifia kwangu, Lipangalala, hapo hapo Ifakara, akiwa na nywele nyeupe zilizosukwa mistari mitatu. Tulimrudisha kijijini, akalala kando ya Baba. Siku ya kumaliza matanga, binti mmoja wa ukoo alileta beseni la maji na wembe kwa ajili ya wafiwa. Aliponifikia mimi akasita, akawaangalia wakubwa. Kila mtu kule anaijua habari ya Mama, na walidhani nyumba yetu ina kiapo dhidi ya wembe. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba huyu naye atakataa, hamuoni ana hasira kama nini.

Nilifungua kitambaa nikainamisha kichwa.

"Nyoa, mwanangu," nikamwambia. "Huu ni msiba."

Akalowesha kichwa changu, akaanzia kwenye paji la uso. Nywele zikaanguka mkekani, na hakuna hata moja iliyosema uongo.