Picha ya Muuza Nyama Akicheka

Usiku ule simu niliiweka kwenye dirisha la jikoni, kwa sababu katika nyumba yetu ni hapo tu inapokamata mtandao. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Binti yangu alisema angepiga akimaliza kazi ya jioni, lakini tangu saa kumi na mbili alikuwa hapatikani. Na mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na picha ya kumtia matatani. Niliiona ikiondoka hapa nyumbani, nikanyamaza.

Kaka yangu, fundi cherehani anayekaa chumba cha nyuma, alitoka kunywa maji.

"Bado umekaa hapo kama mlinzi wa benki?"

"Hajapiga."

"Simu imeisha chaji, dada."

"Yule hutembea na betri ya akiba kama mgonjwa na vidonge vyake."

"Basi amepata mchumba. Ashukuriwe Mungu, sote tutapumua."

Alirudi kulala, na baada ya muda mfupi nikamsikia akikoroma. Nilimchukia kwa usingizi ule.

Niseme binti yangu ni mtu wa namna gani. Ni fundi wa mizani. Ufundi aliurithi kwa marehemu baba yake, pamoja na sanduku la mawe ya kupimia ambayo marehemu aliyafuta kwa kitambaa kila Jumapili. Kampuni moja ndogo ilimzungusha miji minne kila mwezi, mji mmoja wiki moja. Alifungua mizani za maduka na mabucha, akasafisha springi, akarudisha mshale kwenye sifuri, kisha akabandika karatasi yenye tarehe na sahihi yake. Hata akioga, mikono yake ilinuka mafuta ya mashine. Ukimpa chumvi kiganjani alikuambia ni gramu ngapi, na hakukosea.

Laiti angeishia hapo. Mpiga picha mmoja aliyefunga studio yake alishindwa kulipia matengenezo ya mizani ya mkewe, akatoa kamera badala yake. Tangu siku hiyo binti yangu alishinda kwenye mizani na jioni akaingia mitaani. Hakupiga majengo wala maua. Alipiga watu: kinyozi aliyesinzia kwenye kiti cha wateja, wanawake wawili wakigombania zamu bombani, mzee akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni. Watu hawakumpenda. Katika mji wa kwanza alitemewa mate viatuni. Katika mji wa pili mama mmoja alimmwagia maji ya vyombo na kumuuliza sura yake anaipeleka wapi.

Basi akabuni dawa. Kila aliyempiga picha, alimletea nakala yake mwezi uliofuata. Wala hakumkabidhi mwenyewe moja kwa moja. Alianza na waliosimama karibu. Picha ilipita mkono kwa mkono, watu wakacheka, wakamtania mwenye sura, na mpaka imfikie alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa pale mtaani. Baada ya hapo hakuna aliyemfukuza.

Nakala hizo zilisubiri safari sebuleni kwangu, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Nilizichukia. Nilikula nikitazamwa na watu ambao hawajanipa hata salamu.

"Iko siku utampiga picha mtu mbaya," nilimwambia.

"Mtu mbaya ana sura gani, mama?"

"Atakuonyesha mwenyewe."

"Akinionyesha nitampiga vizuri."

Mwaka mzima tulisemezana hivyo, mimi nikifuta meza kwa nguvu, yeye akifuta kioo cha kamera taratibu ili niudhike.

Sasa ile picha. Alikuwa muuza nyama wa mji wa tatu, ametupa kichwa nyuma, anacheka, kisu mkononi. Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini nyuma yake ilining'inia mizani, sahani tupu. Nimenunua nyama miaka thelathini, na nikiwa buchani macho yangu hayana habari na uso wa mtu, yanatazama mshale. Mshale ule ulikuwa umeipita sifuri, gramu mia hivi, na juu ya sahani hapana kitu. Chini yake ilibandikwa karatasi ya binti yangu, sahihi inasomeka. Mtu aliyeutengeneza mshale ule kwa mikono yake, alipoinua kamera aliona meno tu.

Siku nne picha ilikaa kwenye kamba. Siku nne nilipita chini yake na sinia mkononi. Nikasema moyoni, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, basi na umfunze. Nilidhani watamfokea, labda watamfukuza sokoni, arudi amenuna, kamera iuzwe. Nilidhani ulimwengu una kiasi.

Simu ililia alfajiri, namba ngeni.

"Mama, niko ofisi ya soko." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye pamba mdomoni.

"Umeumia?"

"Si unanisikia naongea?"

"Nani amekupiga?"

"Wateja," akasema, kisha mwenye simu akaichukua simu yake.

Alirudi siku ya pili, mdomo umevimba, mkoba umechanika. Mambo aliyasimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Picha ilianzia nyuma ya foleni, kama kawaida yake. Watu wanne wakacheka. Wa tano, bibi mwenye miwani, hakucheka. Aliitazama picha, akainua macho kwenye mizani, akauliza, "Hii sahani si tupu?" Foleni ikavunjika. Wakamvaa muuza nyama, na yeye kujinusuru akamnyooshea kidole binti yangu: "Muulizeni huyo, ndiye aliyeifunga hivyo. Sahihi yake hiyo hapo. Na sasa kaja na picha kunitisha." Hasira ya watu wote ikapata pa kutua. Kamera ilikanyagwa, na mawe ya baba yake yakatupwa mferejini. Walinzi wa soko wakamfungia ofisini usiku kucha, na mpaka leo sijui kama walimwokoa au walimkamata. Siku ileile kampuni ikamsimamisha kazi.

Nilimletea maji ya moto na chumvi na kitambaa safi. Hapo ndipo ningefunga mdomo. Lakini hofu ya usiku mzima ilikuwa bado kifuani, na ikitoka kwangu hutoka kama matusi.

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba itakuletea balaa."

"Picha zote ulisema zitaleta balaa."

"Lakini hii mshale wake niliuona," nikasema.

Akaondoa kitambaa mdomoni. Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni na futi yake shingoni, alitazama chini.

"Uliuona lini?"

"Ilipokuwa kwenye kamba."

"Siku nne."

Nikakoroga maji ya chumvi.

"Siku nne unanipikia, unaniuliza nimeshiba, na unajua."

"Mwanangu, nilitaka uache tu ile—"

"Usiniite." Alisema polepole, kwa sababu ya mdomo.

Alipanga nguo zake palepale. Kaka yangu akajaribu mzaha, akasema hata mizani mbovu hupewa nafasi ya kutengenezwa. Binti yangu akamwambia, "Mjomba, ya kuharibika hutengenezwa. Ya kuibia watu hutupwa." Akaondoka. Picha zote aliziacha zinaning'inia, nami sikuzigusa.

Miezi miwili alimpigia mjomba wake, mimi hakunipigia. Kwa mjomba ndiko nilikosikia kwamba amepanga chumba katika ule mji wa nne na anatengeneza mizani za watu mmoja mmoja, bila kampuni. Nilipanda basi asubuhi, nikafika mchana.

Uani kulikuwa na mwanamke anafua. Alinipima kwa macho kuanzia viatu.

"Unamtaka nani?"

"Fundi wa mizani. Mimi ni mama yake."

"Hajapata kututajia mama." Akakamua shuka. "Mlango wa mwisho. Yumo, amerudi sasa hivi."

Nilibisha. Ndani bisibisi iliwekwa juu ya kitu cha chuma.

"Nani?"

"Ni mimi."

Hatua zikaja mpaka mlangoni na kusimama. Tulitenganishwa na ubao mwembamba, nilimsikia akipumua.

"Mjomba ndiye aliyekuelekeza."

"Nilimbana. Usimlaumu."

"Umekuja kusema nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipanga kusema sikujua watampiga, na huo ni ukweli. Nilipanga kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Pale mlangoni yote niliyaona ni ya kujitetea.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilinyamaza kwa makusudi."

"Ulitaka kamera ife."

"Ndiyo."

"Imekufa. Ulifurahi?"

Yule mwanamke aliacha kufua ili asikie vizuri. Ningeweza kusema hapana, na huenda mlango ungefunguka. Lakini mtoto huyu hupima chumvi kwa kiganja.

"Uliponiambia imekanyagwa, kabla sijautazama vizuri mdomo wako," nikasema, "nilifurahi kidogo."

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa, nikarudi nyuma hatua moja, nikaweka mtandio sawa. Ufunguo ukazunguka. Nikasubiri kitasa kishuke, hakikushuka. Mlango alikuwa ameurudisha tu bila kufunga. Sasa aliufunga.

"Basi la kurudi huondoka saa kumi," alisema kutoka ndani. "Ukichelewa hakuna jingine."