Uzi wa Kina Mama na Mbuzi wa Papa Banza

Mimi Darlène, msusi wa Saint-Josse hapa Brussels, ndiye niliyemshawishi Lucienne Banza ateme mate ndani ya kichupa. Kwa hiyo lawama za wiki tatu zilizofuata ni zangu. Na sifa pia ni zangu, maana sijaona mwingine wa kumpa.

Lucienne ni rafiki yangu tangu Lubumbashi. Ana miaka hamsini na anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Evere. Anawainua vitandani, anawakata kucha, anajua nani hunywa kahawa bila sukari na nani hudanganya kwamba hajapewa kahawa kabisa. Ni mpole kupita kiasi. Ningekuwa mimi, nusu ya watu waliomwita Mushinwa wangekuwa vibogoyo leo.

Mushinwa, yaani Mchina, ni jina alilopewa kwa sababu ya macho yake, membamba, yameinuka kidogo pembeni. Alizaliwa mwaka wa sabini na tano katika kambi ya mgodi wa shaba karibu na mpaka wa Zambia, enzi ambazo Wajapani walikuja kuchimba kule kwetu Katanga. Baba yake, Papa Banza, alikuwa fundi wa magari hapo kambini. Mama yake, Maman Fernande, alifua nguo za wahandisi. Basi mnaona wenyewe ndimi za watu zilikoelekea. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja, na hawakungoja lije.

Papa Banza hakumfukuza mkewe. Alifanya baya zaidi, alinyamaza. Siku Lucienne alipotolewa mahari, mwaka wa elfu mbili, ukoo wa mume ulileta suti ya baba na mbuzi wa baba, kama desturi inavyotaka. Sisi Waluba mtoto ni wa baba yake, na mbuzi huyo ndiye ushahidi. Papa Banza akaisukuma kamba ya mbuzi kwa ncha ya kiatu, mbele ya wageni wote.

"Iyi mbuzi mupatie bayomba yake," akasema. "Mutoto ni ya kwabo."

Hao bayomba, wajomba zake Lucienne, ni watu wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Kwao mtoto huhesabiwa upande wa mama, ukoo wanauita mukowa, kwa hiyo hawakuona tusi lolote. Waliona haki imetendeka. Walishukuru, wakamchinja mbuzi, wakafyonza mpaka mifupa. Lucienne alilia siku nzima ya furaha yake, nami nikirudia kumpaka poda usoni.

Maisha yakatuleta Brussels sote, mmoja mmoja. Maman Fernande anaishi na Lucienne huko Evere. Papa Banza anaishi na Bertin, kaka yake Lucienne, huko Berchem-Sainte-Agathe, na mji mzima uko katikati yao, nadhani ndivyo walivyotaka. Kila Jumapili Lucienne huuvuka kwa tramu na basi, amebeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu, kwa baba yake. Mzee hupokea na kusema, "Merci, madame." Miaka yote hiyo, madame, kama anamshukuru mgeni. Mimi moyo wangu ungekuwa umeshapasuka.

Sasa mate. Mwaka jana Anneleen, mtafiti wa chuo kikuu, alikuja kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa. Alikuwa anatafuta watu ambao bibi zao wazaa mama walitoka Luapula. Alieleza mambo marefu kuhusu njia za misafara ya zamani na urithi wa damu. Nikiri tu, wakati ule maandazi yalikuwa yanapita, na hakuna aliyesikiliza hata nusu. Nilimsukuma Lucienne mbele kwa sababu mama yake ni wa huko, na kwa sababu napenda mambo mapya yawapate watu wengine kwanza. Akatema, akatia sahihi, akamwambia Anneleen achunguze chochote apendacho.

Majibu yalikuja kwenye simu ya Lucienne akiwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imesukwa. Nikayasoma kwa sauti, mjinga mimi. Kulikuwa na herufi na tarakimu, B4a1a1, na chini yake maneno ya Kifaransa: ukoo huu asili yake ya kale ni Asia ya Mashariki.

Lucienne aliinuka kitini. Aliondoka na nusu kichwa vile vile.

Kesho yake alinipigia. "Darlène, donc ilikuwa kweli," akasema. "Muyapani. Nilipiganaka na batoto ku masomo juu ya maman. Nilimutetea miaka yote. Na papa njo alikuwa na raison." Yaani baba yake ndiye aliyekuwa sahihi.

Nilijaribu kumtuliza, lakini nami niliamini vile vile. Ndivyo vichwa vyetu vya Kiluba vilivyo. Ukitaja asili, mawazo yanakimbilia kwa baba hata kabla hujamaliza kusoma. Wiki tatu Lucienne akala peke yake, akamwambia mama yake amechoka na kazi. Maman Fernande ana miaka sabini na minane na si mtoto. Aliona, akaanza kukonda. Hapo nikashikwa na hasira. Nikamwandikia Anneleen: njoo saluni kwangu uone nyumba uliyoibomoa.

Akaja, maskini, kofia ya baiskeli mkononi, amekuwa mwekundu. Nilimwita Lucienne bila kumwambia ni kwa nini. Nikafunga mlango, nikageuza kibao kisomeke tumefunga, nikamwambia Anneleen aseme.

Alitutazama kama watu waliosoma barua ya jirani wakidhani ni yao. "Lakini hili haliwezi kutoka kwa baba," akasema kwa Kifaransa. "Haliwezi kabisa."

Akachukua uzi mweusi wa kusukia kwenye meza yangu, akauvuta. Kuna uzi mmoja mwilini, akasema, ambao mama humpa kila mtoto wake, wa kiume na wa kike, ila ni binti peke yake anayeweza kuupitisha mbele. Baba awe Mjapani, awe Mbelgiji, awe nani, uzi wake unaishia kwake. Uzi wa Lucienne umetoka kwa Maman Fernande, naye kwa mama yake, na mama wa mama yake. Maelfu ya miaka iliyopita mwanamke mmoja wa Asia ya Mashariki alikuwa nao. Mabinti wa mabinti zake walisafiri kisiwa kwa kisiwa mpaka Madagaska, ambako watu wengi wanao hadi leo. Kutoka huko mmoja aliingia bara, labda na msafara wa wafanyabiashara.

"Hilo la msafara nakisia tu," akaongeza. Nilianza kumpenda hapo.

"Na Muyapani?" Lucienne akauliza.

"Uliniruhusu niangalie na sehemu nyingine zote. Kama baba yako angekuwa Mjapani, nusu nzima ya urithi wako ingekuwa ya huko. Hakuna. Uzi huu tu wa kale."

"Na macho?"

Anneleen akacheka kidogo. Macho ya namna hiyo, akasema, yamejaa Afrika, hayakumngoja mgeni yeyote. Karatasi yake haiwezi kumtaja baba ni nani, lakini Mjapani hayumo.

Lucienne alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka nikaogopa ataangusha sinki. Nami nililia. Mzigo wa miaka hamsini uliondoka mle saluni, na nilihisi wepesi wake hata mimi ambaye sikuubeba.

Tulikwenda Evere siku ile ile. Maman Fernande alikuwa jikoni anachambua lengalenga, mchicha wa kwetu. Lucienne akapiga magoti kwenye vigae.

"Maman, unisamehe. Nilikuzania mubaya."

Tukamweleza yote, tukikatizana. Bibi akasikiliza, mikono ikiendelea na mboga.

"Bon," akasema mwishoni. "Ule mademoiselle amesoma miaka ngapi juu ya kuyua ile? Ni mukowa! Mutoto anafwata maman. Kwetu ata mutoto mudogo anayua."

Kisha akaanza kuwahesabu kina mama wa ukoo wake kwa vidole vyenye majimaji ya mboga. Yeye wa Mwape, Mwape wa Chola, Chola wa Kunda, na Kunda wa yule aliyeletwa.

"Aliletwa na nani, maman?"

"Na batu ya biashara. Bibi alikuwa anasema alitoka ku mayi yenye haina mwisho. Sisi tulikuwa tunazani ni ziwa Moero."

"Na juu ya nini hukusemaka?"

Maman Fernande akaweka kisu chini. "Balinilaumu juu ya bwana," akasema. "Hakuna muntu aliniuliza juu ya mama yangu."

Jumapili tulivuka mji pamoja, mimi na Lucienne, karatasi ndani ya bahasha. Papa Banza alivaa miwani. Fundi ni fundi, alitaka kuelewa chombo kinavyofanya kazi. Alinifanya nirudie habari ya nusu mara nne. Nusu ingekuwa ya Mjapani, na hakuna? Hakuna, papa. Ata kidogo? Ata kidogo. Bertin akasema wanaweza kumpima na yeye mzee, wamalize kabisa. Papa Banza akamkata jicho.

"Mimi sihitaji kupimwa," akasema. Akatazama dirishani, magorofa ya jirani na nguo zilizoanikwa. Halafu akanigeukia mimi, si Lucienne. "Darlène. Ile mbuzi. Bayomba balikula yote?"

"Yote, papa. Na mifupa."

"Ilikuwa mbuzi yangu," akasema. "Nataka mbuzi yangu."

Tulipeleka ujumbe Evere. Maman Fernande akajibu kwamba mbuzi atakuwepo, lakini mwenye kumtaka aje kumlia huku, na aje na mdomo wake.

Jumamosi Papa Banza akauvuka mji, amevaa suti, amemshika Bertin mkono. Lucienne alikuwa amenunua mbuzi mzima kwa muuza nyama Mturuki wa mtaa wangu, na mume wa Lucienne alimchoma tangu asubuhi. Maman Fernande akaweka sahani mbele ya mzee, lakini mkono wake haukuiachia.

"Fernande," akasema mzee. "Nilikosa. Nilikosa sana."

Mama akaiachia sahani. Akajikalia upande wa pili wa meza, akajipakulia na yeye.

Papa Banza akaonja, akatafuna polepole kwa meno yaliyobaki.

"Mutoto yangu," akasema, bila kuinua uso, "chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa palepale mezani, karibu na mkono wake. Lucienne akainuka akaenda kuitafuta jikoni, akakaa huko muda mrefu.